Kupanga skrini za gemu ya watu wengi, mmoja kwa simu, mmoja kwa TV, mmoja kwa kompyuta

Kuna vijana kadhaa huku Lamu, na Malindi pia, wameanza kujitengenezea gemu zao, na swali ni lile lile kila siku, yaani nataka mtu wa simu acheze na mtu wa kompyuta na mwengine yuko na konsoli kwa TV, sasa skrini nazipangaje? Bas naandika hapa vile tunavyofanya sisi. Mfano ntakaotumia ni gemu ya mashindano ya mashua, kama yale ya wakati wa Maulidi. Mashua nne, kila mashua ina watu wawili, mmoja ni nahodha ameshika usukani, mwengine kazi yake ni tanga na demani, ile kamba ya kukazia na kulegezea tanga. Ukiwa unatengeneza ya mpira au ya kupigana hatua ni hizi hizi, wewe badilisha majina tu.

Kitu kimoja ukishike kabla hatujaanza, usichore skrini moja halafu ukaanza kuivuta na kuibana iingie kila mahali. Kinachotakiwa kufanana ni habari anayopewa mchezaji. Pale inapokaa, ukubwa wake na vile mtu anavyoigusa, hapo kila kifaa kina mambo yake.

Hatua ya 1: anza na karatasi

Figma, Penpot na programu nyengine za kuchora skrini ziache kwanza. Chukua karatasi uandike mchezaji anataka kujua nini sekunde hii, nini dakika hii, na nini nje ya mbio. Nahodha sekunde hii anataka kujua upepo watoka wapi, boya la kuzungukia liko upande gani, na jirani amemkaribia kiasi gani. Mtu wa tanga anataka kujua demani imekaza au imelegea, tanga limejaa au linapepea, mashua imelala kiasi gani. Hizo ndo zinakaa mbele ya macho muda wote. Uko wa ngapi na raundi zimebaki ngapi, hizo ni za dakika hii, ziweke ndogo pembeni. Sarafu, rangi za tanga, marafiki gani wako onlaini, zote nje ya mbio kabisa, na hapa mimi sina mjadala, gemu nyingi za simu zimejaza skrini mabatani ya duka na zawadi mpaka bahari yenyewe huioni.

Halafu kama watu wawili wako chombo kimoja, usiwape wote habari zote. Nahodha akiona mwenyewe demani imekaza kiasi gani hana haja ya kumuuliza mwenzake, na raha yote ya gemu hii ni wao kupigiana kelele. Kwa hivyo mpangilio wa nahodha na wa mtu wa tanga ni mbili tofauti, ukijumlisha na vifaa vitatu unapata sita. Ndio, ni kazi, lakini ni afadhali ujue mapema.

Hatua ya 2: chora ya simu ya bei rahisi kwanza

Watu wengi wanaanza na kompyuta kwa sababu ndiyo wanayofanyia kazi. Mimi nasema anza na simu, tena sio simu kubwa ya bei, hizi za Tecno, Infinix au itel ambazo ndizo ziko mikononi mwa watu huku, kioo cha pikseli 720 kwa 1600, umbo la 20:9. Kikikaa vizuri hapo, kukipeleka kwa TV ni rahisi, kurudi kutoka TV kuja simu ndo utalia.

Shika simu kwa mikono miwili kama unacheza halafu angalia vidole gumba vinafika wapi bila kuhangaika. Vinafika pembe mbili za chini na kidogo pande za juu yake. Katikati ya skrini hapafikiki, na juu katikati ndio kabisa. Bas kwa nahodha usukani uwe kidole cha kushoto, na kwa mtu wa tanga demani na kubisha (kugeuza mashua upepo uje upande wa pili) viwe kidole cha kulia. Usukani usiufunge sehemu moja, ufanye utokee popote kidole kitakapotua kwenye nusu ya kushoto, manake hakuna mtu anaangalia kidole chake wakati anakimbizwa. Na kwa setingi weka swichi ya kugeuza pande, kuna watu wa mkono wa kushoto.

Ukubwa wa batani: Google wanasema zisipungue 48dp (dp ni kipimo cha Android kisichobadilika na wingi wa pikseli), ambayo kwa kioo ni kama milimita 9, Apple wao wanasema pointi 44. Hicho ni kiwango cha chini cha menyu, mtu ametulia amekaa. Batani ya katikati ya mbio ifanye kubwa zaidi, yetu ya kubisha ni kama mara mbili ya hapo, na sehemu inayosikia mguso ni pana kuliko picha inayoonekana. Mtu hajui, anaona tu gemu inamsikia.

Sasa kuna jambo la kwetu. Meseji ya M-Pesa ikiingia, au ya WhatsApp, inashuka kutoka juu na kufunika sehemu ya juu ya skrini kwa muda. Kama mshale wako wa upepo ulikuwa pale, mtu ameenda upofu. Na akijaribu kuitelezesha iondoke, kama una batani hapo chini yake ataibonyeza. Kwa hivyo sehemu ya juu katikati waachie notifikesheni, sisi pale tunaweka jina la mbio tu ambalo hata lisipoonekana hakuna hasara. Na ule mkato wa kamera ya mbele usisahau, ukitengeneza kwa Unity au Godot, programu za kutengenezea gemu, Unity kuna Screen.safeArea inakupa eneo salama, Godot inakupa kwa DisplayServer, mabatani yako yote yakae ndani ya hilo eneo, bahari ndo iachie ienee kioo kizima.

Kwa kukuza na kupunguza, Unity tumia Canvas Scaler uiweke Scale With Screen Size, na gemu ya kulaza simu ifuate urefu wa kwenda juu badala ya upana. Godot 4 weka stretch iwe canvas_items na aspect iwe expand. Halafu kila kitu kifunge pembe yake, cha chini kulia kifungwe chini kulia. Ukipanga kwa namba za pikseli kutoka pembe moja utakuja kukuta usukani umeelea katikati ya kioo cha mtu.

Hatua ya 3: nani anaona bahari zaidi?

Hii watu wanairuka na ndo inaleta ugomvi. Ukifuata urefu kama nilivyosema, simu ya 20:9 inaonyesha robo zaidi kwa upana kuliko TV ya 16:9, na aipadi za umbo la 4:3 zinaonyesha robo pungufu. Kwenye gemu ya kucheza peke yako haidhuru. Kwenye mashindano, huyu wa simu anamuona mpinzani anakuja na upepo mzuri nyuma yake kabla mwenzake hajamuona, hio sio haki.

Cha kufanya, amua eneo moja la bahari ambalo kila mtu lazima alione, sisi tumechukua 16:9. Mwenye 4:3, kamera yake inapanda juu kidogo mpaka eneo lile liingie lote, vitu vinakuwa vidogo kidogo kwake lakini anaona. Mwenye kioo kirefu zaidi, pande mbili anapata maji matupu na ukungu, mashua zikiingia huko hazichorwi. Na kwa kila mtu, mashua ya mpinzani ikiwa nje ya eneo inaonekana kama alama ndogo ukingoni inayoonyesha upande wake. Hapo bas wote wako sawa.

Hatua ya 4: TV

Mtu wa TV yuko mbali, amejilaza kwenye mkeka au kochi. Miongozo ya Xbox inasema maandishi ya konsoli yasipungue pikseli 28 kwa skrini ya 1080, ya kompyuta 18. Ifuate. Acha nafasi ya kama asilimia 5 kila ukingo, kuna TV mpaka leo zinakata kingo. Hapa pia mabatani ya kugusa yote yanaondoka, unabaki na nafasi nyingi, na kishawishi ni kuijaza. Usijaze.

Hatua ya 5: padi, kibodi, kidole, na batani zinazoonyeshwa

Gemu iangalie kifaa cha mwisho mtu alichogusa na ionyeshe alama za hicho. Akishika padi, yaani kile kidude cha mkononi cha konsoli, aone batani za padi, akirudi kwa kibodi aone herufi, bila kuingia setingi. Lakini weka kizuizi, manake padi za bei rahisi fimbo yake ikishachoka inajisogeza yenyewe kidogo kidogo, na alama zako zitakuwa zinabadilika badilika kila sekunde kama taa mbovu. Harakati ndogo ndogo za fimbo zisihesabiwe, mpaka isukumwe kwa kweli.

A na B za Nintendo ziko kinyume na za Xbox, A ya Nintendo iko kulia na ya Xbox iko chini. PlayStation nayo, Japani walizoea duara ndo kukubali mpaka PS5 ilipokuja 2020 wakahamia msalaba kama sisi wengine. Kwa hivyo kwenye kodi ya programu yako usiandike "A", andika "kukubali" na "kurudi", halafu kila konsoli iwe na jedwali lake.

Kwenye menyu za padi hakuna mshale wa mausi, kuna kilichochaguliwa tu, na lazima kionekane waziwazi. Kubadilisha rangi peke yake haitoshi, kikuze kidogo na ukizungushie mstari. Kila ukurasa ukifunguka tayari kuna kitu kimechaguliwa. Na vile vile usiweke maelezo yanayotokea pale tu mausi ikipita juu ya kitu, kidole hakipiti juu, kidole kinagusa au hakigusi.

Hatua ya 6: upepo (hapa nakaa kidogo)

Upepo ndo roho ya gemu hii kwa hivyo tumeuhangaikia kuliko kitu kingine. Kawaida watu wanaweka mshale kwenye pembe. Tatizo, mshale huo wasema upepo watoka kule au waenda kule? Mabaharia wanauita upepo kwa pale unapotoka, kusi watoka kusini, kaskazi watoka kaskazini, lakini mtoto wa simu akiona mshale anadhani ndiko anakosukumwa. Utaeleza mara ngapi?

Sisi tumeutoa mshale tukaweka kitambaa chembamba juu ya mlingoti, kinapepea. Kila mtu aliyewahi kuona bendera anajua upepo waenda wapi. Kisha juu ya maji kuna mistari mieupe myepesi inayokimbia na upepo, ukizidi nguvu inakuwa mirefu na inaenda mbio. Tanga lenyewe nalo linaongea, likijaa limetuna, likikosa upepo linapepea na linatoa sauti ya kitambaa kugonga. Haya yote yanafanya kazi sawa kwa simu, TV na kompyuta, na hayachukui hata pikseli moja ya nafasi ya mabatani. Kwa simu tumeongeza mtetemo mdogo tanga linapoanza kupoteza upepo, na padi nayo inatetemeka. Kompyuta ya kibodi haina mtetemo, kwa hivyo sauti yake tunaikuza kidogo na ukingo wa tanga unameremeta, asikose habari wenzake wanayoipata. Ukiwa na habari yoyote unayoitoa kwa mtetemo peke yake au sauti peke yake jiulize ya pili iko wapi, kuna watu wanacheza wamezima sauti na kuna wasiosikia kabisa.

Hatua ya 7: rangi na jua

Toka nje na simu saa sita mchana ukae pale mbele ya bahari, mwangaza umepanda juu kabisa, uone kama unasoma kitu. Maandishi ya kijivu juu ya buluu yatapotea yote. Kipimo cha WCAG, miongozo ya kufanya skrini zisomeke na kila mtu, ni tofauti ya mwangaza ya 4.5 kwa 1 kati ya maandishi na kilicho nyuma yake, na 3 kwa 1 kwa aikoni na maandishi makubwa, lakini bahari inabadilika rangi kila wakati, kwa hivyo weka kivuli au kibao cheusi chepesi nyuma ya kila namba. Kisha usiku kaa kwenye daka, pale kibarazani mlangoni, taa zimezimwa uone kama haikuumizi macho.

Mashua usizitofautishe kwa rangi pekee. Kwa wanaume wenye asili ya Ulaya kaskazini kama asilimia 8 wana shida ya kutofautisha rangi, hasa nyekundu na kijani, na huku kwetu pia wapo. Kila mashua ipe alama kwenye tanga, sisi tumechukua mwezi, nyota, jicho na samaki, mwezi na nyota utaviona kwenye vyombo vyenyewe hapa. Geuza skrini yako yote iwe nyeusi na nyeupe, ukiweza bado kujua nani ni nani umefaulu.

Hatua ya 8: kukutana kabla ya mbio

Mtu wa simu anataka kumwita binamu yake aliye na konsoli. Orodha za marafiki za konsoli na za simu hazijuani, kwa hivyo njia fupi ni namba ya chumba. Tumia tarakimu sita, zigawe tatu tatu, kama 482 915. Herufi zina O na sifuri, I na moja, na hii namba itasomwa kwa sauti kwenye simu au kwa voisi ya WhatsApp. Watu huku wamezoea kutajiana namba, hawatasumbuka. Mwenye simu mpe pia linki ya kutuma, lakini mwenye TV hawezi kugusa linki, kwake weka kibao cha tarakimu kubwa za kuchagua kwa padi, au alama ya QR aiskani kwa simu.

Kwenye lobi, pale watu wanapongojeana kabla ya mbio, onyesha kila mtu anachezea nini, aikoni ndogo tu ya kidole, padi au kibodi. Majina ya watu yatakuja kwa herufi za Kiarabu, emoji na kila kitu, tumia fonti za Noto, ni za bure na zinabeba lugha nyingi. Sauti ya maikrofoni ianze ikiwa imezimwa. Batani ya kumnyamazisha mtu na ya kumripoti ziwe karibu na jina lake, mibofyo miwili na imeisha, watoto wanacheza hizi gemu.

Hatua ya 9: mtandao ukikwama

Utakwama. Mtu yuko kwenye boti anavuka kwenda kisiwa cha Manda anacheza, unadhani itakuwaje? Na seva, ile kompyuta ya mbali inayowaunganisha wachezaji, ikiwa Cape Town au Ulaya kuna safari ya kwenda na kurudi kila ukibonyeza. Mtu akigusa batani lazima aone kitu ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, ikizidi hapo anahisi gemu ni nzito. Usisubiri seva. Batani izame, kamba ivutike, sauti itoke papo hapo kwa kifaa chake, seva ikijibu ndo unarekebisha matokeo polepole bila mashua kuruka.

Hali ya mtandao ionyeshe kwa alama tatu zenye umbo tofauti, nzuri, dhaifu, umekatika. Namba za milisekunde weka kwa setingi kwa wanaozitaka.

Simu ikipigwa mtu akapokea, gemu inaenda nyuma na huenda muunganisho ukafa. Mwenzake kwenye mashua aone "Ametoka kidogo" na sekunde 30 zinahesabiwa, kompyuta inamshikia usukani uende sawa tu, isimshindie. Akirudi arudi baharini moja kwa moja na maandishi mafupi, "Uko wa 3, raundi ya 2", usimtupe kwenye menyu ya mwanzo. Na kwa kuwa wengine wako mbioni hakuna kusimamisha, menyu ya katikati ya mbio ifunike nusu ya skrini tu ili bado aone anakoenda.

Hatua ya 10: amri fupi za kupeana

Sio kila mtu ana maikrofoni, na kuandika kwa padi ni adhabu. Gemu ya Apex Legends ilipotoka Februari 2019 ilionyesha watu kwamba timu inaweza kuelewana bila neno kwa kubonyeza alama tu. Sisi tuna amri nane, "Bisha!", "Legeza demani!", "Kaza!", "Yuko nyuma yetu" na kadhalika. Kwa padi ni gurudumu la fimbo, kwa kibodi ni namba 1 mpaka 8, kwa simu nne zinazohitajika zaidi wakati ule ndo zinajitokeza.

Kinachotumwa kwa seva kiwe namba ya amri, maandishi kila mtu aone kwa lugha yake. Nahodha yuko Lamu anasoma Kiswahili, ndugu yake Muscat anasoma Kiarabu. Kiarabu kikija menyu zinageuka zianzie kulia, ila usukani na bahari usivigeuze, kulia kwa mashua ni kulia kwa wote. Na sentensi usizijenge kwa kuunganisha vipande, kwa Kiingereza namba inatangulia, kwetu ni "mchezaji 1", "wachezaji 4", kwa hivyo kila lugha iwe na sentensi yake nzima. Mabatani nayo yaache nafasi ya kutanuka.

Hatua ya 11: wape watu, na wewe nyamaza

Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima urahisi wa kutumia programu, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kufichua matatizo mengi. Tafuta watano wa simu na watano wa padi, manake hawakwami pahala pamoja. Ukipita Mkunguni, ule uwanja wa hapa Lamu, jioni hukosi watu. Mpe kifaa, mwambie "ingia mbio na yule mwenzako", bas, usiseme kingine hata akiteseka. Angalia kidole kinaenda wapi kwanza, pale kinapokwenda ndipo alipodhani batani ipo. Kisha wewe mwenyewe chomoa mausi, anza gemu kwa padi tupu mpaka umalize mbio na urudi mwanzo, popote utakapokwama pana kasoro.

Angalia pia uzito. Simu za bei rahisi zinachoka na vitu vingi vinavyopitisha mwanga vilivyopangwa juu ya vingine, na kwa Unity tenganisha Canvas (turubai inayobeba mabatani na maandishi) ya vitu vinavyobadilika kila wakati, kama saa ya mbio, na ile ya vitu vilivyotulia, la sivyo saa ikibadilika yote inajengwa upya.

La mwisho ni vajoni, yaani toleo la gemu. Mtu wa kompyuta anasasisha leo, wa simu anangoja apate bando au wifi, kwa hivyo kuna siku watakutana wako vajoni tofauti na chumba kitakataa. Usimwandikie "hitilafu 403". Mwandikie gemu yake ni ya zamani, ya mwenzake ni mpya, kusasisha kutakula MB ngapi, na batani mbili, "Sasisha sasa" na "Nikumbushe nikiwa na wifi".